Shangazi, nataka jina lisilo la kila mtu, ila kila mtu aliweze

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama mtarajiwa wa miaka 29, naishi Majengo hapa Moshi na mume wangu. Mimba ni ya miezi saba, ya kwanza, na ultrasaundi imeonyesha mtoto wa kike. Ninakuandikia kuhusu jina. Najua wapo watakaosema hilo nalo ni tatizo gani, lakini kwetu limeshakuwa tatizo, mpaka juzi tumelala tumepeana migongo.

Nianze na mimi. Naitwa Neema. Shule ya msingi tulikuwa akina Neema wanne darasa moja, mwalimu akatupanga: Neema mrefu, Neema mfupi, Neema wa mama Salome, na mimi nikawa Neema wa nyuma kwa sababu nilikaa dawati la mwisho. Sekondari tukawa watatu. Kazini sasa tuko wawili, na mteja akipiga simu lazima aulizwe anamtaka Neema yupi. Silichukii jina langu. Mama alinipa kwa shukrani baada ya kukaa muda mrefu bila mtoto. Ila tangu nikiwa msichana nilijiambia mwanangu akiitwa, awe yeye peke yake anayegeuka.

Mume wangu ana kidonda cha aina nyingine. Yeye ni Godlisten. Cheti cha kuzaliwa kinasema Godlisten, cha darasa la saba kinasema Godlisen, na cha kidato cha nne kinasema Godlistern, yenye r ambayo hakuna anayejua ilitokea wapi. Alipopata kazi yake ya kwanza, ofisi moja ilimzungusha mpaka akaapa kwa wakili kwamba hao wote ni mtu mmoja. Kwa hiyo hataki kusikia jina lolote la kuulizauliza. Anasema mtoto aitwe Upendo au Furaha, yaishe.

Mimi nimekuwa nikitafuta kwenye simu. Nililolipenda kuliko yote ni Saoirse. Ni la Ireland, maana yake uhuru, na wenyewe wanalitamka karibu na "Sirsha". Mengine kwenye orodha yangu ni Xanthe, Aurelia, Mia, Lia na Zuri. Nilimwandikia nesi wa kliniki hilo la Saoirse kwenye karatasi nikamwomba asome. Akasoma "Sa-o-i-ri-se", akaniangalia, akauliza kama ni dawa niliyoandikiwa. Mume wangu alipoambiwa alicheka sana. Mimi nililia.

Na bado kuna mama mkwe. Mume wangu ni Mchagga wa Marangu, kifungua mimba wa kwao, na huyu atakuwa mjukuu wa kwanza wa kike. Mama mkwe ameshasema, kwa upole lakini ameshasema, kwamba mtoto ni somo wake na ataitwa Apaikunda kama yeye. Anatarajia ukoo ukikutana Krismasi mtoto atambulishwe kwa jina hilo. Nampenda mama mkwe, ndiye atakayekuja kunitunza nikijifungua na kunipikia mtori. Lakini Shangazi, Apaikunda ni jina la bibi! Sijioni nikimtazama mtoto mchanga halafu nimwite Apaikunda.

Mimi kwetu ni Tukuyu, ni Mnyakyusa. Wazazi wangu hawajasema neno juu ya jina, wanasema mtoto ni wa kule nilikoolewa.

Je, nakosea kutaka jina lisilo la kawaida? Na kama sikosei, nitalipataje ambalo mwalimu, nesi na bibi yake wa Marangu wote wataliweza?

Neema wa nyuma, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Neema. Pole na uzito wa miezi saba, na pole kwa machozi ya siku ile.

Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: hukosei. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na nimewaona watoto wenye jina moja wakigeuka, wakikuta si wao walioitwa, wakigeuka tena, mpaka wanaacha kugeuka kabisa na mwalimu anadhani hawasikilizi. Kutaka mwanao awe na jina ambalo likitajwa ni yeye, hayo si maringo. Mumeo naye ana haki yake. Mtu aliyewahi kusimama dirishani akiambiwa huyu siye wewe, huku ameshika vyeti vyake mwenyewe, lazima aogope jina gumu kwa mtoto wake.

Kinachowagombanisha ni dhana mliyo nayo wote wawili: kwamba jina adimu lazima liwe gumu, na jepesi lazima liwe la kila mtu. Ugumu unaletwa na sauti na herufi. Uadimu unaletwa na mahali mtu anapoishi. Jina linaloitwa nyumba kwa nyumba Tukuyu linaweza kuwa la mtoto mmoja tu Majengo nzima, na bado mwalimu akalisoma sawasawa siku ya kwanza. Ukilishika hilo, nusu ya ugomvi wenu imekwisha.

Sasa tuitazame orodha yako, tuanze na hilo lililokuliza. Nesi yule alisoma vizuri kabisa. Alisoma kama Kiswahili kilivyomfundisha: kila herufi ina sauti yake, na sauti hiyo inatoka. Irabu zetu ni tano tu, na a inabaki a hata ikikaa jirani na nani. Waairishi wana kanuni zao za kuandika, na kwao ziko sahihi. S ikikaa kando ya e au i hutoka kama sh yetu, ndiyo maana Saoirse ikawa hivyo unavyolisikia. Lakini Moshi hakuna mtu anayezijua kanuni hizo, wala hapaswi kuzijua. Mwanao atazieleza kliniki, shuleni, benki, kwa wakala wa M-Pesa, na kila anayeelezwa atasahau. Ukiliandika Sirsha bado r na sh zitabanana, na watu watazitenganisha wenyewe: Sirisha. Hapo utakuwa umepoteza Kiairishi chenyewe na maandishi yake.

Xanthe lina x, ambayo tahajia yetu haina, na lina th, ambayo wengi wetu wa bara tunaitoa kama s au t. Watu wataishia kwenye "Ksante", na hatua moja tu kutoka hapo ni Asante. Aurelia ni jina zuri la kusikia, linaishia na irabu kama majina yetu, lakini limeweka r na l pamoja. Watu wengi mno, wasomi wakiwemo, hizo herufi mbili kwao zinabadilishana viti. Utasikia Aulelia na Aureria nyumba moja. Kama unaweza kuishi na hilo bila kukunja uso, liache kwenye orodha. Kama huwezi, lifute leo.

Mia na Lia ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu ulimi unayapita bila shida. Watu wa Ulaya wanawaita watoto wao hivyo na ni majina mazuri kwao. Ila mwanao atakaa darasa la kwanza Kiswahili, na siku watakayohesabu tisini na nane, tisini na tisa, darasa zima litageuka kumtazama Mia. Na Lia ni amri. Mtoto anaangua kilio saa nane usiku, nawe unamwinua unamwita Lia! Zuri nalo wamelichukua kwetu, Marekani wapo wasichana wengi wenye jina hilo, na huko limekaa vizuri. Hapa mtu akisikia "zuri" anangoja neno la mbele yake: gari zuri, shamba zuri. Jina litasikika kama limekatwa kichwa.

Kwa hiyo jina linaweza kuanguka kwa maandishi, kwa sauti, au kwa maana yake mahali linapoitwa. Orodha za kwenye simu zimetengenezwa kwa masikio ya watu wa nchi nyingine, hazikuonyi lolote kati ya hayo. Iceland wana kamati ya majina tangu 1991, na jambo mojawapo inaloliangalia ni kama jina jipya linakubali miisho ya sarufi yao na tahajia yao. Sisi hatuna kamati, na sidhani tunaihitaji, lakini swali wanalouliza ni la busara kwa mzazi yeyote: je, lugha ya watu watakaomwita mtoto huyu inalipokea jina hili?

Kiswahili kinapokea jina la namna gani? Linalosomwa kama lilivyoandikwa. Linaloishia na irabu, kwa maana likiishia na konsonanti watu wataongeza irabu wenyewe. Jina la Kimaasai kama Namunyak, ambalo lina maana ya baraka na bahati, huku mjini wengi watasema Namunyaki. Halijaharibika, lakini mzazi ajue mapema. Konsonanti zisibanane isipokuwa zile tulizozizoea, kama nd, mb, nj na kw. Mkazo wa sauti utaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, upende usipende, kwa hiyo lijaribu jina likiwa limekanyagwa hapo. Na uogope alama ndogondogo: ng' ya ng'ombe ni sauti yetu kabisa, lakini ile alama ya juu hupotea kwenye fomu na kwenye kompyuta, na jina likageuka.

Hapo ndipo penye siri ya jina la mumeo. Kwenye Godlisten d inakutana na l, halafu kuna t ambayo Waingereza wenyewe hawaitamki. Aliyeandika Godlisen aliandika alichosikia. Na ile r isiyojulikana ilitokea wapi, nadhani mwandishi alijua kwamba Kiingereza huandika er mahali ambapo sikio halisikii r yoyote, akaiweka kwa kubahatisha. Siwabezi wazazi waliotoa majina hayo. Kilimanjaro tuna akina Goodluck, Praygod, Happiness, Gladness, Witness, na kila moja ni sala ya mama fulani. Ninachosema ni kwamba sala hiyo iliandikwa kwa herufi ambazo makarani wetu wanazibahatisha, na anayelipa gharama ya kubahatisha huko ni mtoto.

Usidhani urefu ndio ugumu. Mkuu wa Majeshi wa kwanza Mtanzania, aliyeteuliwa mwaka 1964, ni Jenerali Mirisho Sarakikya, Mmeru wa hapo Arusha. Silabi nne hizo za ukoo, na mtoto wa darasa la pili anazisoma bila kukwama. Dakta Slaa aliyekuwa mbunge wa Karatu kuanzia 1995 ana jina fupi sana, lakini ile sauti ya mwanzo ya Kiiraqw wengi wetu hatujawahi kuitoa kama wenyewe wa Karatu na Mbulu wanavyoitoa. Tunaitoa kwa s na l ya kawaida, tunaendelea. Jina fupi linaweza kuwa gumu, na refu likawa jepesi.

Sasa hapa kaa vizuri, mwanangu. Chukua jina la Apaikunda ulipitishe kwenye vipimo hivyohivyo. A-pa-i-ku-nda. Kila herufi inasomwa. Linaishia na irabu. Halina r wala l. Ile nd ni ya ndizi. Halifanani na neno la aibu wala amri. Na kama wewe mwenyewe hukuwahi kukutana na mtoto mwenye jina hilo, basi hata uadimu ule unaoutafuta lina. Jina ulilolikataa kwa sababu ni la mama mkwe limefaulu pale ambapo Saoirse limeanguka.

Unasema ni la kizee. Ni kwa sababu mtu pekee unayemjua mwenye jina hilo ni mzee. Majina ya bibi zetu wa mlimani yanapotea hivyo, kila mama kijana anayaona yana mvi, na hakuna mtoto wa kuyarudisha kuwa ya kitoto. Aika nalo ni la mlimani tangu zamani, na leo utamkuta msichana wa mjini analiitikia kwa fahari. Mwite mtoto Apaikunda kwa miezi michache uone. Ukilisikia utamwona yeye na vidole vyake.

Lakini sikulazimishi. Jina lina njia ya kufupika, na hapo ndipo ningekaa kama ningekuwa wewe: Kunda. Silabi mbili, hakuna wa kulikosea kuanzia hapa mpaka Mtwara. Na mumeo aliyetaka Upendo atafurahi, maana kunda kwa Kichagga ni kupenda. Muulize mama mkwe mwenyewe jina lake lote lina maana gani, nani alimpa na kwa nini. Muulize kabla hujaamua chochote. Inawezekana kabisa hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Hapa kuna jambo la adabu. Bibi anayesema mtoto ni somo wake anasema neno kubwa. Kwa desturi ya Wachagga wengi, watoto wa kwanza huchukua majina ya upande wa baba, wa kiume babu na wa kike bibi, halafu wanaofuata ndio wanakwenda upande wa mama. Kwa hiyo hajaamka tu na kutaka kukutawala, anasimama pale alipofundishwa kusimama. Akisikia Krismasi mbele ya ukoo kwamba mtoto ana jina jingine, litamchoma, na hutalifuta kwa zawadi. Mumeo apande Marangu mwenyewe, mwezi huu, wala asimalize jambo hili kwa simu. Kama barabara haikuchoshi nenda naye. Asiende kutoa taarifa, aende kuomba: "Mama, tunataka mtoto awe somo wako, na tungependa aandikwe Kunda. Je, kwako hilo linatosha?" Akisema linatosha, mmemaliza. Akisema anataka jina lote, mwandikeni Apaikunda na midomoni abaki Kunda. Nina hakika mwalimu wake wa kwanza ataliweza.

Na wazazi wako wa Tukuyu wasikae kimya namna hiyo. Mtoto ana bibi wawili. Kimya chao huenda ni heshima tu kwa nyumba uliyoolewa, ila kinakunyima utajiri, kwa sababu majina ya Kinyakyusa yamekaa kama yalitengenezwa kwa ajili ya Waswahili kuyasoma. Sekela, la furaha. Atupele, kwamba ametupa. Lugano, ambalo nalo ni upendo. Lusajo ni baraka, na hilo liweke akiba, maana ultrasaundi nayo hukosea na huenda ukaletewa mvulana. Yatazame: hakuna herufi bubu hata moja. Rungwe yamejaa, Moshi utayatafuta kwa tochi. Mpigie mama yako, umuulize bibi zake waliitwaje. Kwa desturi ileile ya wakwe zako, binti wa pili ni zamu ya upande wako, na Sekela atakuwa anamngoja dada yake Kunda. Na kama baada ya kuzungumza na mama mkwe moyo wako unakataa kabisa hilo la Marangu, basi Sekela liwe la cheti, na Apaikunda liwe la nyumbani ambalo bibi atamwitia. Jambo hilo linafanyika nyumba nyingi. Ila bibi aambiwe mapema, na aambiwe na mwanawe.

Kabla ya kufunga shauri, fanya jaribio la mtaani. La nesi lilikuwa mwanzo mzuri. Andika majina matatu kwenye karatasi, mpe mama anayekuuzia ndizi Mbuyuni asome kwa sauti. Usimsaidie. Halafu geuza: mpigie mtu simu, mtajie jina, mwambie akuandikie kwa ujumbe. Watu wengi husahau nusu hii ya pili, kumbe ndiyo iliyomuumiza mumeo, kwa sababu jina lake linasemeka, tatizo ni kuliandika. Mpe fundi cherehani, mpe kijana wa bodaboda, mpe mzee mmoja na mtoto mmoja wa shule. Kama wawili watatu wameandika tofauti, makarani nao watafanya hivyo. Mwisho simama mlangoni uliite kwa sauti kubwa kama mtoto yuko mbali anacheza, na uliite pamoja na jina la baba yake. Kunda Godlisten. Sekela Godlisten. Sikia yanavyokwenda.

Usimpe mtoto majina mawili kwenye cheti ili kumfurahisha kila mtu. Fomu zetu nyingi zina nafasi tatu: la kwake, la baba, la ukoo. Jina la nne litaingizwa fomu hii, litaachwa fomu ile, na baada ya miaka mtoto atakuwa ana watu wawili kwenye karatasi. Jina la cheti liwe moja, na hilohilo ndilo liingie kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na fomu ya kujiunga darasa la kwanza.

Siku ukijifungua utakuwa umechoka, na watakaotumwa kuandikisha watakuwa na haraka. Kwa hiyo jina liandikwe sasa, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi itakayokaa ndani ya kadi yako ya kliniki. Asiwepo mtu wa kulitaja kwa mdomo tu. Karani aione karatasi. Tangazo la kizazi likitoka, mumeo alisome herufi kwa herufi kabla ya kuondoka kaunta. Kizazi kinatakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, ndani ya siku 90, msisubiri Krismasi ipite. Cheti hicho ndicho kitakachomfuata mpaka kitambulisho cha taifa, na akifika chuo Bodi ya Mikopo itataka kilichohakikiwa na RITA. Herufi moja iliyorukwa leo ataisumbukia akiwa mtu mzima.

Na mumeo asingoje. Mwanao hatabeba jina lake peke yake, cheti chake kitabeba na la baba. Kama baba kwenye kitambulisho ni Godlisten na kwingine ni Godlistern, mtoto atazaliwa akiirithi r ile. Hati zake zote azitoe mezani wiki hii, azilinganishe, na ile yenye kosa aende nayo kwa wakili pamoja na kiapo alichokula zamani, aelekezwe kama kiapo kinatosha au inabidi afuate utaratibu wa kurekebisha jina. Mimba ina miezi saba, muda bado upo.